Tsofa Lennox Mung'aro, Fundi Aliyezijua Njia za Simu Chini ya Mombasa

Tsofa ndilo jina alilopewa na babake siku aliyozaliwa. Lennox aliongezewa kanisani, na yeye mwenyewe alilitumia kwenye karatasi za kazi tu. Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1964 hapa Jibana, katika mji huu tulimokusanyika leo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Mung'aro Baya na marehemu Mama Nyevu.

Wasifu huu aliuagiza mwenyewe. Kuanzia Septemba mwaka jana, alipokuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alimwambia mpwa wake Beryl, binti wa dada yake, achukue kalamu. Alitaka uandikwe kwa utaratibu tuliouzoea: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa. Lakini kwenye kazi alitaka lisemwe jambo moja bila kuzungushwa. Beryl alimwambia, "Mjomba, mambo kama hayo hayasomwi makaburini." Akajibu, "Basi mimi nisomewe. Nikiwa hai nilishindwa kuyasema." Familia imekaa, ikashauriana, ikaona neno lake liheshimiwe.

Mwaka 1971 babake, aliyekuwa kuli bandarini, alimchukua yeye, mamake na ndugu zake wakaishi Majengo, katika chumba cha kupanga. Alianza darasa la kwanza Januari 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini kichwa chake kilikuwa hakisahau njia. Siku moja, akiwa na miaka tisa, mamake alimtuma Biashara Street kununua leso. Alirudi na leso, kisha akaanza kumtajia mamake maduka ya mtaa ule kwa mpangilio wake, upande mmoja akienda na upande wa pili akirudi, na katika kila duka ni nani aliyekuwa ameketi mlangoni. Babake alifurahi mno. Tangu siku hiyo kila mgeni alipofika nyumbani ilisikika, "Tsofa, hebu mtajie mgeni maduka." Naye alisimama wima, mikono nyuma, akayataja hadi la mwisho. Dada yake, Mama Beryl, anakumbuka kwamba mgeni akiondoka bila kumuuliza, jioni hiyo Tsofa alikuwa hali chakula vizuri. Alipenda kuulizwa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1982. Kwa miaka minne alifanya vibarua bandarini alipofanya babake, mpaka tarehe 4 Mei 1987, alipoajiriwa na kampuni ya simu kuwa mwanagenzi wa kuunga kebo. Siku hiyo hiyo alipangwa kazi moja na kijana mwenzake kutoka Kibokoni, Mji wa Kale, aitwaye Aidarus Faiz, ambaye wazee wake walitoka Hadhramaut vizazi vingi nyuma. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na tisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kebo moja ya simu ina nyaya za shaba mamia kwa mamia, mbili mbili, na kila jozi ni simu ya mtu. Ikiharibika, fundi mmoja huteremka shimoni chini ya barabara na mwingine hukaa kwenye kabati la nyaya la mtaa wa mbali, kisha huulizana kwa simu ya kupimia, jozi moja baada ya nyingine. "Kumi na saba?" "Nimekupata." "Kumi na nane?" "Sikupati, rudia." Kwa hiyo urafiki wao ulikuwa wa sauti zaidi kuliko wa nyuso. Tsofa alikuwa na mazoea ya kuimba nyimbo za kanisani akiwa shimoni, na Aidarus alikuwa akimkatiza kwenye simu: "Tsofa, punguza mahubiri. Mteja wa jozi ya arobaini anataka kuzungumza na mkewe." Mwezi wa Ramadhani Tsofa alimkataza katakata Aidarus kuteremka kwenye joto la chini. Krismasi ilipofika, zamu zote za dharura zilikuwa za Aidarus, na hakuna aliyemwomba.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Winnie Kadzo, mwalimu wa chekechea, hapa hapa Jibana. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Stacy, aliyezaliwa mwaka 1997. Winnie alikuwa mchangamfu na nyumba yao ya Majengo haikukosa mtu mlangoni. Alifariki kwa kansa mwezi Agosti 2011. Stacy alikuwa shule ya bweni, kisha akaenda chuo, kisha akapata kazi Doha. Marehemu alizoea kurudi jioni na kuikuta sufuria mahali palepale alipoiacha asubuhi. Hakuoa tena. Alipoulizwa sababu alisema hajui aanzie wapi kumweleza mtu mwingine vitu vyote ambavyo Winnie alikuwa akivijua bila kuelezwa.

Sasa lile jambo aliloagiza lisemwe.

Mapema mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyaya za shaba zitaondolewa kisiwani na badala yake ipite faiba, ile kebo ya nyuzi za kioo ya intaneti. Kazi ya kuipitisha alipewa mkandarasi. Wakati huo mafundi wa kebo wa kampuni waliobaki kisiwani walikuwa watano: Tsofa, Aidarus, Yazid, Kiti na Ronny. Hakuna aliyewaambia kama katika mambo hayo mapya wana nafasi. Kila walipouliza ofisini waliambiwa wangoje barua.

Lakini walikuwa na kitu kimoja mkononi. Faiba ingepita katika mabomba yale yale ya zamani yaliyo chini ya barabara, na ramani ya ofisini ilikuwa haiaminiki. Lami ilikuwa imemwagwa juu ya lami, mifuniko ya mashimo ikazikwa, njia nyingine zikahamishwa na asiandike mtu. Waliojua ni wale watano. Na katika watano, aliyejua zote ni Tsofa.

Jumapili tarehe 10 Aprili 2016, baada ya alasiri, walikutana barazani kwa Aidarus, Kibokoni. Aidarus akasema, "Ndugu zangu, sisi barua hatuna. Tuna haya mashimo. Asionyeshe mtu hata mfuniko mmoja mpaka wote watano tuajiriwe kazi ya kudumu na tufundishwe kuunga hiyo faiba. Ama wote, ama hapana." Wakapeana mikono. Tsofa alikuwa wa mwisho kutoa wake. Alisema, "Mwenye mengi ya kunyamazia ni mimi, na nitanyamaza."

Walinyamaza wiki sita. Watu wa mkandarasi walipasua barabara mahali pasipo na kitu, wakafukia, wakapasua tena. Wenye maduka walilalamika vumbi linaingia kwenye vitambaa. Mwishowe wakubwa wakalegea na kuwaita mafundi watano kwenye mkutano, Jumatatu tarehe 23 Mei, saa tatu asubuhi. Ronny alikwisha kununua shati jipya la mkutano huo.

Ijumaa kabla ya mkutano, Aidarus na Yazid walikuwa msikitini, Kiti na Ronny walikuwa na kazi upande wa Tudor, na Tsofa alikuwa akipita Biashara Street peke yake. Akamkuta mhandisi wa mkandarasi amechuchumaa kando ya shimo lisilo na bomba, ramani ameitandaza juu ya boneti ya gari. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, Bi Duha, mzaliwa wa Mombasa aliyesomea Nairobi. Hakujua habari za baraza wala za mikono iliyopeanwa. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Shikamoo, fundi. Nimeambiwa mtu anayeujua mji huu kwa chini ni wewe. Mimi nimeshindwa. Hebu nielekeze."

Hapa tunaandika maneno ya marehemu kama alivyoyasema kwa Beryl:

"Usiandike nilihongwa, kwa sababu sikuhongwa. Usiandike nilitishwa. Tangu Winnie afe, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu halafu akangoja jawabu. Yule binti aliuliza, akangoja. Nikachukua kalamu mkononi mwake."

Alimwonyesha yote. Walitembea pamoja kutoka Biashara Street mpaka Makadara, wakarudi kwa barabara ya Ndia Kuu, na kila mahali alisimama akapiga lami kwa kisigino, akasema kuna nini chini na tangu mwaka gani. Bi Duha aliandika, akauliza, akaandika tena, na pengine alimkabidhi kalamu achore mwenyewe na kuyapa mashimo nambari. Saa tisa alasiri walikuwa wamefikisha mashimo sitini na matatu. Marehemu alisema hajapata kufurahi namna ile tangu afiwe na mkewe. Alitembea kwenda nyumbani huku akiimba. Alipofika Majengo na kufungua mlango, ndipo alipokumbuka mikono iliyopeanwa barazani.

Jumamosi angeweza kwenda Kibokoni kusema. Hakwenda. Jumapili alikaa kanisani toka mwanzo wa ibada hadi mwisho bila kusikia hata neno moja. Jumatatu saa tatu aliingia mkutanoni pamoja na wenzake, akaketi kati ya Kiti na Ronny. Mkubwa aliwashukuru kwa kuja, akasema kwa bahati nzuri ramani imekwisha kukamilika, akaitandaza mezani. Aidarus aliinama kuitazama. Mashimo yalikuwa yamepewa nambari, na Tsofa alikuwa na desturi ya kuikata saba katikati kwa kistari. Aidarus aliziona zile saba. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka.

Jioni ile Tsofa alimfuata nyumbani. Hakukaribishwa kuketi. Walizungumza mlangoni.

"Wamekupa nini?" Aidarus aliuliza.

"Hawakunipa kitu."

"Haiwezekani."

"Haki ya Mungu, Aidarus, hawakunipa kitu. Aliniuliza tu."

Aidarus akasema, "Ungeuza, Tsofa, ningekuelewa. Mtu ana mtoto, ana shida zake. Lakini wewe hukuuza, umegawa. Umetugawa bure sote wanne kama maji ya kunawa." Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Enda salama." Akaufunga mlango polepole, asiubamize.

Wale wanne walipewa barua za kuachishwa kazi tarehe 30 Juni 2016. Aidarus alikuwa na miaka hamsini na tatu, umri ambao hakuna anayekuajiri wala anayekuita mzee wa kupumzika. Tsofa alipewa mkataba wa mwaka mmoja wa kuelekeza njia. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya vibarua na kupaka rangi mahali pa kuchimbwa. Vibarua wenyewe walibadilishwa kila baada ya miezi mitatu ili wasije wakadai ajira, hivi kwamba alipolizoea jina la mtu, mtu mwenyewe alikuwa keshaondoka. Mkataba uliongezwa mara moja. Mwezi Julai 2018, faiba ilipofika kila mtaa wa kisiwa, alipata ujumbe kwenye simu wa mistari miwili kwamba huduma yake haihitajiki tena. Alikuwa amefanya kazi chini ya mji huo miaka thelathini na mmoja.

Bi Duha naye mkataba wake ulikwisha miezi minne kabla. Alimpigia marehemu simu kumuaga, akamshukuru kwa yote aliyomfundisha. Marehemu hakumwambia kilichotokea. Ameagiza hapa tuandike kwamba yule binti hana kosa na asilaumiwe na mtu.

Miaka iliyofuata alikuwa mlinzi wa mchana kwenye duka moja la vitambaa. Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa akitembea hadi Kibarani na kukaa ufukweni pale palipokuwa jaa zamani, kwa sababu huko hakujulikana na mtu. Kibokoni hakukanyaga ila mara moja, mwaka 2019, alipotumwa na tajiri wake kupeleka mzigo. Katika kichochoro akakutana ana kwa ana na Aidarus. Njia ilikuwa nyembamba. Kila mmoja akajibana ukutani kumpisha mwenzake, na hakuna aliyepita. Wakasimama hivyo, macho chini, mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akasema, "Jamani, ama mwapita ama mwanipisha?" Akapita katikati yao, nao wakaondoka, kila mtu na upande wake.

Yazid alipofariki mwaka 2020, Tsofa alifuata jeneza kwa mbali, mwisho kabisa wa msafara. Alipofika lango la makaburi akasimama nje. Aliporudi nyumbani hakuwa na wa kumwambia kwamba alikwenda.

Aliugua figo mwezi Machi 2024. Kwanza alijitibu kimya kimya, na hata Stacy, aliyekuwa akimpigia simu kila siku kutoka Doha, alijua baada ya miezi mitano. Alikuwa akienda hospitali peke yake mara mbili kwa wiki, kila mara akikaa kwa saa nne kwenye mashine, akirudi peke yake. Wagonjwa wengine walikuwa na watu wa kuwashikia mkoba. Muuguzi mmoja alimuuliza, "Mzee, leo umekuja na nani?" Akamjibu, "Wananingoja nje." Beryl alipopata habari hiyo alihamia Majengo, Septemba 2025, na hakuondoka tena.

Ni marehemu aliyemtuma Beryl awatafute wenzake. Kiti, ambaye sasa anaendesha tuktuk, alikuja hospitali mara mbili na machungwa, wakacheka sana juu ya mambo ya zamani, na lile jambo halikuguswa. Ronny alisema kwa simu kutoka Malindi, "Mwambie yamepita, apone." Kwa Aidarus Beryl alikwenda mwenyewe, mara mbili. Alipokewa vizuri mno. "Ndoo ndani, mwanangu," alikaribishwa, akapewa kahawa na halua, akaulizwa hali ya mamake, ya Stacy, ya masomo yake. Kila alipotaka kufungua kinywa, Aidarus alimwinulia kiganja. "Nyumba hii yako, njoo wakati wowote. Lakini ujumbe usinipe."

Beryl alimweleza marehemu hivyo hivyo. Marehemu aligeukia ukutani. Baadaye akasema, "Ana haki." Akauliza kama lile baraza bado limepakwa chokaa.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Januari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Beryl alikuwa ameshuka kumnunulia maji. Aliporudi akakuta imekwisha. Stacy alikuwa amekata tikiti ya ndege ya Jumamosi.

Jumatatu iliyofuata Beryl alipigiwa simu na nambari asiyoijua. Sauti ikasema, "Mimi Aidarus. Mtamzika wapi? Kulekule tulikomzika shemeji Winnie?"

"Ndiyo, baba."

"Basi napajua."

Kisha kukawa kimya, hata Beryl akadhani simu imekatika. "Haloo?"

"Nipo."

Beryl akamwambia kwamba mjomba ameacha maneno ya kusomwa kaburini, na kwamba yeye Aidarus yumo ndani yake. Akamuuliza kama yuko radhi jina lake litajwe mbele ya watu. Aidarus akasema, "Nisomee." Beryl akamsomea yote, tangu lile baraza, ramani, maneno ya mlangoni, kichochoro, mpaka zile kahawa alizonyweshwa yeye mwenyewe. Alipomaliza, Aidarus alisema, "Hapo kwenye tarehe ya baraza mmekosea. Mmeandika tarehe tatu. Tarehe tatu mimi nilikuwa Lamu harusini. Ilikuwa Jumapili ya pili yake, tarehe kumi. Sahihisheni."

Beryl alimuuliza kama atakuja. Alisema magoti yake ni mabovu na Jibana ni mbali, na kwamba tusichelewe kuzika kwa ajili ya kumngoja yeye.

Tarehe tumeisahihisha.

Marehemu ameacha binti mmoja, Stacy Nyevu; dada wawili, Mama Beryl na Mama Kadii; kaka mmoja, Baya Mung'aro; wapwa tisa, akiwemo Beryl aliyemuuguza; na kama alivyotaka waandikwe pamoja na jamaa zake wa damu, mafundi wenzake walio hai, Kiti, Ronny na Aidarus Faiz. Alitanguliwa na mkewe Winnie, ambaye leo marehemu analazwa kando yake, na fundi mwenzake Yazid.

Mwenyezi Mungu ampokee Tsofa na kumpumzisha kwa amani.